Seli Isiyo na Kiini

Nilifundisha muundo wa seli nikiwa katika eda. Nilikaa mkekani sebuleni kwetu Mitwero, pembeni mwa mji wa Lindi, nimevaa nguo nyeupe zisizo na hata ua moja, na mbele yangu wasichana sita wa kidato cha pili walikuwa wamekunja miguu, madaftari magotini. Mume wangu alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Kazi yake ilikuwa kuchukua samaki huko Sudi kwa pikipiki na kuwaleta sokoni mjini, na asubuhi moja lori lilimgonga kwenye kona kabla hajafika. Sanduku lake la barafu lilirudishwa nyumbani likiwa zima, halina hata mkwaruzo. Nililichukia sanduku lile. Nilimwambia shemeji yangu aliondoe uani, na sikumuuliza tena alilipeleka wapi.

Eda ya kufiwa na mume ni miezi minne na siku kumi. Hutoki nyumbani bila dharura, hupaki wanja, hujifukizi udi, huvai dhahabu. Kwa mtu kama mimi, niliyezoea kusimama darasani na kupaza sauti mpaka darasa la jirani linyamaze, ilikuwa kama kufungwa mdomo. Mama mkwe wangu alihamia kwangu kunitazama. Alikuja na godoro lake, birika lake la kahawa na redio inayokoroma, akajipangia chumba cha uani bila kuniuliza. Ni mtu wa Lindi mjini wa tangu na tangu, anayesema kwa upole hata anapokugombeza. Mimi nimezaliwa bara, kwenye mikorosho, kwetu Wamwera, na ulimi wangu haujawahi kujifunza upole wa pwani. Miaka sita ya ndoa tuliishi mimi na yeye kwa heshima, si kwa mapenzi. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, akaitikia marahaba, na baada ya hapo kila mmoja akashika lake.

Mkuu wa shule ndiye aliyewaleta wale wasichana. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa mbele na mwalimu wa Baiolojia nilikuwa mimi peke yangu. Akasema wavulana watafundishwa na mwalimu wa Kemia, na wasichana wanaoweza kufika waje kwangu kila Jumamosi. Walifika sita. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, na kwa Kiingereza walikuwa wakikariri sehemu za seli kama mtu anayekariri namba za simu. Mkekani kwangu tulisoma kwa Kiswahili.

Jumamosi ya pili nilimwomba mama mkwe sinia kubwa na uji mzito wa muhogo. Nikaumimina uji kwenye sinia, nikawaambia ukingo wa sinia ndio utando wa seli, unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, na uji ndio saitoplazimu, ambamo vitu vyote vinakaa. Katikati nikaweka kokwa la embe. Hicho ni kiini, nikasema, ndimo yanamohifadhiwa maagizo yote ya mwili: urefu wako, rangi yako, pua uliyoirithi kwa shangazi yako na unayoilalamikia. Korosho zilizobanguliwa zikawa mitokondria, zinazochoma chakula na kuipa seli nguvu. Nikanyunyiza ufuta, nikasema hizi ni ribosomu, mafundi wa kutengeneza protini, na kitambaa nilichokikunja mara nyingi nikakilaza kando ya kokwa kuonyesha njia ambazo protini hizo hupitishwa. Wasichana wakainama wote juu ya sinia. Mmoja alikuwa akihesabu korosho kwa kidole.

"Mbona zimepungua?" akauliza.

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, anatafuna.

"Mama, umekula mitokondria," nikamwambia.

"Mbili tu," akasema. "Niliona zimezidi."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kusikia kicheko tangu msiba, na nilipokisikia kinatoka kwangu nikaona aibu, nikafunga mdomo kwa upindo wa mtandio.

Mama mkwe hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa palepale mlangoni, na mimi nikaendelea. Sasa tazameni seli nyekundu ya damu, nikasema. Inazaliwa ndani ya mfupa ikiwa na kiini kama wenzake, lakini kabla haijaingia kwenye mkondo wa damu inakitupa. Nikalichomoa kokwa kwenye uji, nikaliweka pembeni. Inaondoa na mitokondria. Nikazitoa korosho moja moja. Inaondoa na hivi vingine vyote. Nikatoa kitambaa, nikachota ufuta kwa kijiko kadiri nilivyoweza. Ukabaki uji mtupu ndani ya sinia. Imejifuta ndani, nikawaambia, ili ipate nafasi ya kubeba oksijeni nyingi zaidi. Ndiyo maana haiwezi kujiponya ikichubuka, wala haiwezi kuzaa seli nyingine. Inaishi siku mia na ishirini hivi, inachakaa, kisha bandama na ini vinaivunja.

Msichana aliyekuwa akihesabu korosho akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama haina kiini, inajuaje kuwa ni ya nani?"

"Haijui," nikasema. "Ina alama za kundi la damu kwenye utando wake, basi. Kundi O ni kundi O tu. Haijui ilitoka kwa nani."

Nikawaambia wachore walichokiona, nikainuka na lile sinia kulipeleka jikoni, maana sikutaka waone uso wangu. Jikoni nikaliweka chini, nikashika ukuta. Swali lile nilikuwa nimejiuliza mwenyewe siku nyingi kabla yake.

Niliamini kwamba ndani yangu kulikuwa na damu ya mume wangu.

Wiki tatu kabla ya ajali mimba yangu ilitoka. Ilikuwa ya miezi mitatu na siku kadhaa, ya kwanza tangu tuoane. Damu ilitoka bila kukatika, nikapelekwa hospitali, na daktari akasema niongezewe damu na ndugu wajitokeze kuchangia. Mume wangu alisema atatoa yeye. Mama mkwe alikuwa amesimama upande wa miguu ya kitanda, na nilimsikia akimwambia kwa sauti ya chini, ile yake ya upole:

"Mwanangu, ukimpa damu yako, si atakuwa nduguyo? Walionyonya ziwa moja hawaoani. Ikiwa maziwa yanatia undugu, damu je?"

Sikuwa na nguvu ya kuinua kikombe, lakini ulimi wangu ulikuwa na nguvu zake zote.

"Mama, hiyo Baiolojia ya jikoni kaifundishe jikoni," nikasema.

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka kunitazama. Mume wangu akanifunika shuka mpaka kidevuni, akanikonyeza, akatoka na mama yake. Hata leo nikilikumbuka neno lile natamani ningekuwa nimezimia dakika moja kabla.

Alirudi baadaye na plasta kwenye mkono, amekunja shati kwa makusudi ili niione. Mfuko wa damu ulikuwa tayari unaning'inia juu yangu, unatiririka.

"Haya," akasema. "Sasa una mie humo ndani. Ukininunia, unajinunia mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno niliyobaki nayo. Kuhusu ile mimba hatukuzungumza. Watu walikuja kunijulia hali, wakanipa pole ya kuumwa, wakaniletea supu na ndizi. Mimba ya miezi mitatu haina matanga, haina mkeka, hakuna anayekuja kukaa nawe. Nami nilisema nitalizungumza na mume wangu nikipata nguvu. Kisha likaja lile lori.

Katika siku za kwanza za msiba, wanawake wakisoma na wengine wakipika uani, wazo moja lilinijia likakataa kutoka: bado yumo. Hatukuwa na mtoto. Nguo zake zilikuwa zimeshagawiwa. Lakini seli zake zilikuwa zinazunguka mwilini mwangu, zinapita moyoni mwangu na kutoka, zinabeba pumzi niliyovuta. Nikifanya kazi mpaka mapigo yakanijia shingoni, nilikuwa nasimama kuyasikiliza. Nilijua vizuri kuwa ni upuuzi. Nilikuwa nawafundisha watoto wa watu kwamba seli ile haina kiini, kwamba haibebi jina la mtu wala sura yake. Ningemsikia mwenzangu anasema hivyo ningemrekebisha mbele za watu, ndivyo nilivyo. Kwangu sikuweza.

Nikahesabu. Mfuko mmoja wa damu una seli za kila umri, nyingine zilikufa siku ileile, nyingine wiki iliyofuata. Lakini zile changa kabisa zilikuwa na siku zao mia na ishirini. Kwenye kalenda ya shule iliyokuwa ukutani nikatia nukta ya penseli kwenye tarehe ambayo hata ile ya mwisho isingekuwapo. Ilikuwa mwezi mmoja hivi kabla ya kutoka eda. Sikumwambia mtu. Kila Jumamosi wasichana walipoondoka nilikuwa naitazama ile nukta, na kila mara ilikuwa imekaribia.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Nilifagia, nikaoga, nikanywa chai. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele kwenye ungo, miwani imemshuka puani, redio inakoroma pembeni yake. Nikaenda mbele ya kalenda kama mtu anayetafuta tarehe ya kawaida. Nikaweka kidole juu ya nukta. Kisha nikaketi chini palepale, nikalia kwa sauti, kilio nilichokuwa nimekizuia hata siku ya maziko.

"Leo kuna nini, mwanangu?" akauliza. "Umesikia habari gani?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, pengine kwa sababu ndiye aliyekuwapo. Nilimweleza siku mia na ishirini, nukta, na kwamba leo damu ya mwanawe imeniishia mwilini na sasa hata mimi sinaye. Alizima redio. Vidole vyake vilibaki ndani ya mchele.

"Damu ile haikuwa yake," akasema.

Nilidhani anaanza tena yale ya hospitali. Nikamwambia namwomba, si leo.

"Nisikilize. Tulipotoka nje nilimshika mkono. Nikamwambia, ukimtia mkeo damu yako, radhi yangu huna. Akacheka, akadhani natania. Nikamwambia sitanii. Basi akaenda kwa yule mtu wa maabara, akamwambia mfuko wangu mpe mgonjwa mwingine, na mke wangu mpe wa mtu mwingine. Akatoa damu yake, ikaenda huko. Akaniambia nisikwambie, maana ungenikasirikia."

Nilisimama. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango kwa kishindo, na hapo nikatambua kwamba sina pengine pa kwenda. Isingekuwa eda ningepanda gari siku ileile nikaenda kwetu. Eda ilinifungia mle ndani pamoja naye. Nilikaa kitandani nikiwa na hasira mpaka meno yakaniuma, kwanza kwake, halafu kwa mume wangu, aliyekunja shati lake mbele yangu na kunichekea. "Una mie humo ndani." Alinidanganya ili mimi nifurahi na mama yake asinune. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa hawezi kumwacha mtu yeyote na uchungu, hata kwa uongo, na nilimkumbuka hivyo mpaka hasira ikanishinda kuishika.

Kisha nikaanza kufikiri kama mwalimu. Damu inayotolewa leo haimwingii mgonjwa palepale. Lazima ipimwe kwanza, ihifadhiwe, na mgonjwa hupewa iliyokwisha kupimwa. Ndugu anachangia kufidia akiba. Mfuko ulikuwa unaning'inia juu yangu tayari wakati yeye anaingia na plasta yake. Niliuona kwa macho yangu. Nilikuwa nalijua hilo jambo, nimewahi hata kulieleza darasani, na sikutaka kulijua. Mama mkwe alikosea kuogopa, nami nikakosea zaidi yake, na mimi ndiye niliyesoma.

Adhana ya adhuhuri iliponitoa chumbani kwenda kutawadha, nilimkuta palepale nilipomwacha. Ungo ulikuwa mapajani mwake na tangu nilipoondoka hakuwa amechambua hata punje nyingine. Hakuinua macho.

"Baada ya arobaini nilikwenda kumuuliza shehe," akasema. "Kaniambia damu haiharamishi kitu. Mume anampa mkewe, mke anampa mumewe, hakuna neno. Kisha ukaniomba lile sinia la watoto wako wa shule. Ukasema inaishi siku mia na ishirini. Nami nimekuwa nikihesabu, kama wewe. Nasema, kama nisingefungua mdomo wangu, mwanangu angekuwa bado yuko mle kwa mkewe. Nilimfukuza mwenyewe. Bure."

Nilisimama na birika la udhu mkononi. Ulimi wangu ulikuwa tayari. Ningeweza kumwambia kwamba hata asingesema lolote, damu ile isingenifikia, na ingekuwa kweli. Nilimwambia hilo, na nikaona halimsaidii. Alitikisa kichwa kama mtu anayepewa pole na mgeni. Mbele yangu alikaa mwanamke aliyemzika mwanawe, amejibebesha na hilo, na katika miaka sita sikuwa nimemtazama usoni kwa muda mrefu kama nilivyomtazama wakati ule. Pua ya mume wangu ilikuwa pale, chini ya miwani.

Nikakaa chini karibu naye.

"Mama," nikasema, "kuna kitu nilikisoma chuoni. Mtoto akiwa tumboni, baadhi ya seli zake hupita zikaingia kwenye damu ya mama yake. Nyingine hazitoki tena. Wataalamu wamezikuta kwa wanawake wazee, watoto wao wameshakuwa watu wazima."

"Zile zisizo na kokwa?"

"Hapana. Hizi zina kokwa. Zina na korosho zake, zina ufuta wake. Zina kila kitu, na zinazaa nyingine."

Aliweka ungo chini.

"Zinakaa wapi?"

"Popote. Kwenye ini, kwenye ngozi, hata moyoni. Kwako sijui ziko wapi, mama, au kama zipo. Hakuna aliyekupima. Lakini kwa wengi zipo."

Alijishika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaupapasa kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, polepole. Midomo yake ilitikisika. Nilidhani anasoma dua, nikamwacha. Nilikuwa nimeanza kuinuka nikatawadhe aliponishika upindo wa nguo.

"Na huyo mtoto," akasema, "lazima awe amezaliwa?"

Sikumwelewa.

"Yule wako. Wa miezi mitatu."

Tangu nitoke hospitali hakuna mtu aliyekuwa amemtaja, hata mimi mwenyewe. Miezi yote ile nilikuwa nikihesabu siku za damu ya mgeni, na hilo halikunipitia akilini hata mara moja, mimi mwalimu wa Baiolojia.

"Si lazima," nikasema.

"Naye alikuwa na kokwa?"

"Alikuwa nalo."

"Na kwenye kokwa hilo baba yake alikuwamo?"

"Nusu, mama. Nusu ni baba yake."

Mama mkwe alivua miwani akaifuta kwa kanga, akaivaa tena ingawa bado ilikuwa na ukungu.

"Basi alikuwa mjukuu wangu," akasema. "Na wala hatukumpa mtu pole."

Akanyoosha mikono yote miwili, akaishika yangu kama wanavyoshikana watu msibani, akaniinamia.

"Pole kwa kufiwa na mtoto, mwanangu."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilimlilia mtoto wangu mchana ule, kwa mara ya kwanza, kichwa changu kikiwa magotini mwa mama yake mume wangu, naye akalia na mimi. Tulichelewa kuswali, na mchele ukabaki kwenye ungo mpaka laasiri.